Mvua Iliyouzwa Kabla ya Kunyesha

Asubuhi moja mwishoni mwa kiangazi nilikuta kipimamvua changu kina mkojo. Mbingu ilikuwa kavu tangu watu wamalize kuvuna pamba, hakuna wingu hata la kudanganyia, lakini nilipoitoa chupa iliyo ndani ya kile chombo niliiona nzito. Nilifurahi kidogo, kama mjinga. Kisha harufu ikanifikia. Kiwanja chetu cha vipimo kimepakana na baa, na wanywaji wake wamezoea kuruka uzio wa waya wanapobanwa, ingawa choo kipo palepale baa. Mlinzi wetu aliponiona natapika kando ya kibanda cha vipimajoto alicheka mpaka akaegemea geti, akaniambia ningeandika tu kwamba imenyesha, wakulima nao wafurahi.

Niliiosha chupa kwa maji ya moto na sabuni, nikaandika sifuri. Nilidhani nimeuona uchafu mkubwa kuliko wote ambao kazi hii ingeweza kunionyesha.

Kazi yenyewe ni kupima hali ya hewa hapa Bariadi. Kila siku asubuhi napima mvua, nasoma joto, naangalia upepo unatoka wapi na mawingu ni ya aina gani, kisha natuma vipimo kwa wenzangu wa kanda. Wao wanaunganisha vipimo vya vituo vingi na kutengeneza utabiri. Utabiri ukitoka, mimi ndiye ninayeupeleka kwa watu wa huku: halmashauri, maafisa ugani, na redio moja ya hapa mjini ambayo vijijini inaaminiwa kuliko mbunge. Kwenye redio sikuwa nazungumza mwenyewe. Nilikuwa napeleka karatasi, mtangazaji anasoma kwa Kiswahili, halafu anaeleza kwa Kisukuma ili na akina mama walioko majumbani waelewe.

Mwaka ule mwelekeo wa mvua za vuli ulikuwa mbaya. Mvua zingechelewa kuanza, zingekuwa chini ya wastani, na kabla hazijashika vizuri zingeweza kukatika kwa muda mrefu. Kwa mkulima wa Simiyu maana yake ni nyepesi: usikimbilie kupanda mahindi, manyunyu ya kwanza yasikudanganye, na ukitaka kupanda kitu, panda mtama au viazi. Nilimpigia mama yangu, anayeishi kijijini upande wa Migato, hata kabla sijaipeleka karatasi redioni. Mama alinisikiliza, akaniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia hakuna mwenye uhakika na mvua, lakini mimi ningekuwa na shamba nisingepanda mahindi mapema. Alisema basi na yeye hapandi.

Nilipofika redioni na karatasi yangu, nilimkuta meneja wa redio ofisini kwake pamoja na mfanyabiashara wa mbegu. Huyu ni mtu anayejulikana mjini. Ana duka kubwa karibu na stendi, ana mawakala vijijini, na ndiye aliyekuwa akidhamini kile kipindi cha hali ya hewa, kwa hiyo kila utabiri ulianza na kumalizika kwa jina la duka lake. Walikuwa wanakula kuku. Meneja alinikaribisha kwa kunisogezea sahani, nikasema nimeshiba. Mfanyabiashara aliichukua karatasi kutoka mkononi mwangu bila kunawa, akaanza kuisoma huku anatafuna. Nilikuwa naangalia mafuta yanavyoenea kwenye karatasi kuanzia kidole gumba chake. Alipofika kwenye maneno "chini ya wastani" aliacha kutafuna.

Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema amejaza ghala mbegu za mahindi, tena zile zinazokaa shambani muda mrefu. Kama watu wakisikia mvua inachelewa hawatanunua, na mbegu zikilala msimu mmoja zinapoteza nguvu. Alisema yeye pia ni mtoto wa mkulima na anajua mkulima anachohitaji ni matumaini. Meneja alikuwa anaitikia kwa kichwa, anavunja mifupa kwa meno na kunyonya ndani yake.

"Dada, mvua ni ya Mungu, haina mwenyewe," mfanyabiashara aliniambia. "Wewe sema tu imekaribia. Ikichelewa, nani atakushika?"

Nilimwambia sisemi hivyo, na kwamba karatasi inasomwa kama ilivyo au haisomwi. Alitabasamu. Aliikunja, akaitumia kufutia vidole, kimoja baada ya kingine, kisha akaiweka juu ya mifupa kwenye sahani. Sijui kama alifanya kwa makusudi. Mpaka leo nikikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni ile karatasi ikigeuka kuwa na madoa ya kung'aa, maneno ya upande wa pili yakionekana kupitia mafuta. Nilitoka. Nje ya geti nilimkuta kijana wake amefunga mfuko wa mbegu kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki yangu, akaniambia ni zawadi ya bosi. Niliufungua, nikauweka chini ukutani, nikaondoka.

Nilichapisha karatasi nyingine nikampa mtangazaji mwenyewe mkononi. Aliniahidi ataisoma, na nadhani alikusudia kuisoma, lakini haikusomwa.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa kwa mama ntilie ninapokula mchana, nimeagiza ugali na dagaa, redio iko juu ya kabati la vyombo. Tangazo likaanza na mlio wa radi, halafu sauti ya mvua ikimwagika kwenye bati. Kisha sauti nzito ya mwanamume ikasema wataalamu wa hali ya hewa wa Bariadi wamethibitisha kwamba mvua za vuli zimekaribia, mkulima usichelewe, mbegu bora zinapatikana. Kisha yakarudiwa yote kwa Kisukuma. Wateja waliokuwa wanakula wakageuka kunitazama, kwa sababu Bariadi ni ndogo na wengi wananijua. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni yangu alinishukuru. Alisema sasa anamwambia mkewe aandae shamba.

Nilimwambia si kweli, sisi hatukusema hivyo. Aliniangalia, akaiangalia redio, akaniangalia tena. Niliona wazi ni nani anayeaminika kati yetu. Tonge lilikuwa mdomoni, nikalitema kwenye kitambaa kama mtoto.

Nilirudi redioni mchana uleule. Meneja hakuwa na hasira wala aibu.

"Lile ni tangazo la biashara, si utabiri," alisema.

Nilimuuliza, kama ni biashara, wataalamu wa hali ya hewa wameingiaje humo. Alijibu kwamba hakuna jina la mtu lililotajwa. Nilipiga simu kwa wakubwa wangu wa kanda, nao wakashughulika kama inavyotakiwa: wakaandika barua, barua ikapita inakopita, na mwishowe redio ikalazimika kukanusha. Wakakanusha kweli, alfajiri, kabla hata ya salamu za wasikilizaji, kwa maneno mafupi ambayo hata mimi niliyekuwa nayasubiri nilikaribia kuyakosa. Hawakuyarudia kwa Kisukuma. Tangazo lenye radi lilikuwa limekwisha kupigwa asubuhi, mchana na jioni kwa muda wote ule, na kwa upande wa vijijini kazi ilikuwa imekwisha.

Kama vile mbingu nayo ilikuwa imelipwa, mvua moja ikanyesha. Ilikuwa mvua ya kutuliza vumbi tu. Mimi niliipima, najua ilivyokuwa ndogo. Lakini ilikuwa na radi, ilipiga kelele kwenye mabati, na watu wakasema si mnaona, redio ilisema. Kuanzia Kasoli mpaka ndani kabisa ya Itilima watu wakaingia mashambani. Kaka zangu wawili wanaolima jirani na mama walipanda siku moja baada ya mvua ile. Mama alipowaambia dada yenu amekataza, walimjibu kwamba dada yao huyohuyo ndiye amesema redioni.

Mama hakupanda mahindi. Aliliacha shamba lake jeupe katikati ya mashamba yaliyolimwa. Waliopita barabarani walimtania kwamba uzee umempata vibaya.

Baada ya hapo jua likakaa. Mahindi yaliota, yakafikia urefu wa kiganja, yakaanza kujikunja asubuhi badala ya mchana, kisha yakawa rangi ya majani ya chai yaliyochujwa. Mimi nilikuwa naandika sifuri kila siku. Kaka mkubwa alinipigia na kuniuliza mvua iko wapi, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu. Nilimweleza yote kuhusu karatasi, kuku na tangazo. Alisema alipaswa kuambiwa hayo mapema. Nilimkumbusha kwamba mama alimwambia. Akakata simu.

Yaliyofuata nimeyaunganisha kutokana na maelezo ya mama. Wakala wa yule mfanyabiashara kijijini kwetu ni mtu mwenye duka la kona, mwenye pikipiki, mtu wa kuchangamka. Watu walianza kumfuata dukani. Wengine walisema mbegu ni mbovu, wengine wakasema yeye ndiye aliyewahakikishia mvua. Siku moja walijaa mbele ya duka na alikuwa peke yake. Angeweza kusema bosi wake ndiye aliyetunga lile tangazo, maana alijua. Hakusema hivyo.

"Mbegu ni nzuri, na wataalamu wamesema mvua ipo," aliwaambia. "Sasa kama ipo na haishuki, jiulizeni nani kaishika."

Mama alikuwepo, amekwenda kununua chumvi. Aliniambia aliona macho ya watu yakianza kutafuta. Hayakutafuta mbali. Jirani na kwetu aliishi mama mmoja mzee, mjane, wote tunamwita mayu, kama tunavyowaita akina mama kwa Kisukuma. Wanawe wa kiume walikufa, binti yake aliolewa Mwamapalala. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi: alikuwa amepika maisha yake yote kwa mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Haendi kanisani kwa wakatoliki wala kwa walokole, anatambikia mababu zake kimya kimya kama alivyofundishwa. Hiyo ndiyo hatia yake yote. Kwa watu waliokuwa wanatafuta mtu aliyeifunga mvua, ilitosha.

Mama alinipigia asubuhi moja, akaniambia wameitisha mkutano kwenye baraza la ghala la pamba na wamekwenda kumchukua mayu nyumbani kwake. Sikumaliza hata kutuma vipimo. Niliwasha pikipiki nikaondoka.

Njiani nilipita mashamba yaliyokufa, na kwenye kila ukingo nikaona mifuko mitupu ya mbegu ikipepea kwenye miiba, ile yenye picha ya hindi kubwa la njano. Nilikuwa nimevaa sare ya kazi. Nilifikiria kuivua, halafu nikaona bora nifike nayo.

Nilipofika walikuwa wengi. Walinzi wa jadi, sungusungu, walikuwa wamesimama na fimbo zao, mwenyekiti wa kijiji amekaa kwenye kiti cha plastiki, anaangalia simu yake. Mayu alikuwa amekalishwa chini, juani, miguu ameinyoosha mbele. Kuna waliokuwa wamemrushia mavi mabichi ya ng'ombe. Yalikuwa yameanza kukaukia kwenye nywele zake na shingoni, nzi wamemjaa, na hakuwa anawafukuza. Mbele yake waliweka chungu walichokitoa ndani kwake, kimefunikwa kwa kitambaa na kufungwa kamba. Wakala alikuwa anakionyesha kwa kidole na kusema chungu kilichofungwa hivi ndicho kinachofunga mvua, nani asiyejua. Mtu akakipiga teke, kikapasuka. Yalimwagika majani makavu ya mlenda, mboga aliyokuwa ameiweka ya kiangazi. Niliyaona kwa macho yangu, na kila aliyekuwa pale aliyaona. Kijana mmoja akatema mate juu ya yale majani, mwingine akamtemea mayu mwenyewe usoni. Mayu alijifuta kwa mkono, polepole, kama anajifuta jasho.

Nimeona watu wakichinja ng'ombe, nimeona maiti barabarani. Sijawahi kuona kitu kikanitia kinyaa kama zile nyuso. Hazikuwa na hasira. Zilikuwa zimeridhika. Nyingine niliwahi kusoma nazo darasa moja, na kaka zangu wote wawili walikuwemo, wamesimama nyuma, wanaangalia chini.

Nilimwamkia mwenyekiti, mwangaluka baba, nikaomba kusema. Alifurahi kupata mtu mwingine wa kubeba ule mkutano. Niliwaambia mimi ni nani, ingawa walijua. Niliwaambia utabiri ulikuwa umetoka kabla hata mmoja wao hajapanda, na ulisema mvua itachelewa. Niliwaambia lile tangazo lenye radi halikutoka kwetu, lilitoka kwa mwenye mbegu, na kwamba mimi mwenyewe niliombwa kulisema nikakataa.

"Mvua haijafungwa na mtu," nilisema. "Ilichelewa kama tulivyojua itachelewa. Mlichofungiwa ni habari yake."

Wakala alicheka, akasema wasomi hawakosi maneno. Aliuliza nani ameona huo utabiri. Nilianza kutafuta kwenye simu, lakini mama yangu alikuwa amekwisha kupita katikati ya watu. Mama si mtu wa kusema mikutanoni. Alisimama kati ya mayu na wale vijana, mgongo wake kwa mayu.

"Huyu ni mwanangu. Aliniambia nisipande mahindi kabla ya ile radi ya redioni, na sikupanda," alisema. "Mlinicheka. Nendeni mkaangalie shamba langu lilivyo jeupe. Mkirudi, nami nikalisheni hapa chini, kwa sababu nilijua."

Hapo minong'ono ikabadilika. Shamba la mama walikuwa wamelicheka wenyewe, hawakuweza kusema halipo. Mwanamke mmoja akamuuliza wakala kwa sauti kama ni kweli lile tangazo lilikuwa la bosi wake. Mwingine akataka kujua mbona yeye wakala hakuwa amepanda mahindi shambani kwake, maana ndiyo kwanza watu wanakumbuka kwamba hakupanda. Wakala akasema ana simu ya kupokea, akaenda upande wa pikipiki yake, na hakurudi.

Nilidhani yamekwisha. Ndipo mwanamume mmoja niliyemheshimu sana, mwalimu wa kwaya, akasema jambo ambalo bado silielewi na bado linanichefua.

"Kama mlijua itachelewa, basi ninyi wa vipimo ndio mlioichelewesha."

Wengine wakaitikia. Niliona macho yaleyale yakihama kutoka kwa mayu na kunijia mimi, bila hata kubadilika. Mwenyekiti aliogopa, labda kwa sababu ya sare, akafunga mkutano haraka na kusema suala litashughulikiwa na vyombo husika. Watu wakatawanyika wakizungumza habari za ng'ombe na mnada, kama wanatoka kanisani.

Mimi na mama tulimwinua mayu. Tulimpeleka nyumbani kwetu, mama akachemsha maji, tukamwosha nywele. Yale mavi yalikuwa yamegandana, ikabidi niyatoe kwa vidole. Harufu ile ilibaki kwenye kucha zangu, na sikuikasirikia, kwa sababu mavi ya ng'ombe hayana kosa. Nyumbani kwake tulikuta wameng'oa nyasi za paa upande mmoja na mbuzi wake hawapo. Aliyewachukua hakujulikana, yaani alijulikana na wote. Jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, binti yake alikuja na bodaboda kutoka Mwamapalala akamchukua. Kaka yangu mkubwa alikuja kusaidia kufunga mizigo. Mama alimpa maji ya kunywa, akayanywa, akaondoka, na mpaka leo kati yangu na yeye kuna salamu tu.

Niliripoti polisi kule wilayani. Walichukua maelezo, wakaja kijijini, wakaondoka. Hakuna aliyeona kitu.

Mvua ikaja mwezi uliofuata, mvua yenyewe sasa, ya kujaza madimbwi na kufanya vyura waimbe. Siku hiyo nilipaswa kufurahi. Nilipima, nikatuma, nikaenda mjini kununua betri, na mbele ya duka la mbegu nikakuta foleni imefika barabarani. Walikuwa wakulima walewale. Mbegu za kwanza zilikuwa zimekufa, ilibidi wanunue tena, na wengine walikuwa wameuza mtamba au mbuzi ili wanunue. Mfanyabiashara alikuwa amesimama mlangoni, shati safi, anawasalimia wateja kwa Kisukuma kizuri, anawauliza habari za nyumbani. Aliponiona alishuka ngazi, akanyoosha mkono.

"Unaona dada, mvua imekuja," alisema. "Mimi nilisema itakuja."

Hakuwa anadhihaki. Nilimwangalia usoni kwa muda nikitafuta dhihaka na sikuiona. Aliamini kabisa kwamba alikuwa amesema kweli. Mkono wake ulibaki umenyooshwa kati yetu, safi, kucha zimekatwa vizuri, na mimi nilikuwa naona mafuta ya kuku. Sikuushika. Watu wa foleni waliona, na mama mmoja akanikemea kwamba nimekosa adabu kwa mtu mzima.

Tangu msimu ule sipeleki karatasi redioni. Narekodi utabiri kwa sauti yangu mwenyewe, kwa Kisukuma, nautuma kwenye simu za maafisa ugani, makatekista na wachungaji, nao wanawasikilizisha watu baada ya ibada ya Jumapili. Mwalimu wa kwaya ni mmoja wa wanaoupokea. Ananitumia majibu ya heshima, Mungu akubariki dada yetu. Kuna watu wanaofuata utabiri na kuna wasiofuata. Mama amepata wafuasi wachache pale kijijini. Asipopanda, kuna nyumba kadhaa jirani nazo hazipandi. Hilo ni jema, nakubali.

Mayu nilimtembelea Mwamapalala baada ya mavuno. Binti yake alikuwa amempeleka hospitali, macho yametibiwa, wekundu umepungua sana. Amejengewa kijumba chenye dirisha. Tulikaa mlangoni tukapukuchua choroko. Sikumuuliza kuhusu siku ile, alianza mwenyewe. Alisema watu wanadhani aliogopa kufa. Hakuogopa, amezika wengi na kufa anakujua. Alisema yule kijana aliyemtemea mate, mama yake alipougua ni yeye mayu aliyemnyonyesha, pamoja na mwanawe wa mwisho.

"Niliona kinyaa tu," alisema. "Bado naona. Nikila nyama siku hizi inanishinda."

Nilimwambia na mimi. Tulicheka kidogo, tukaendelea na choroko. Aliniuliza habari za mama na za ng'ombe wetu. Kurudi kule hakutaka hata kulizungumzia.

Mwaka huu halmashauri iliitisha semina ya wadau wa kilimo na hali ya hewa. Nilialikwa kueleza mwelekeo wa msimu. Kwenye meza ya mbele, jina limeandikwa kwenye kadi, alikuwa amekaa mfanyabiashara wa mbegu, mdau. Alipewa nafasi ya kusema kabla yangu. Alizungumza vizuri, alisisitiza kwamba mkulima wa Simiyu asiende kwa mazoea bali awasikilize wataalamu, na alinitaja mimi kwa cheo changu, akaomba wanipigie makofi. Wakapiga. Nilisimama, nikaeleza mwelekeo wangu wote, joto, mvua, tarehe za kuanza, nikajibu maswali mpaka yakaisha.

Wakati wa chakula waliniwekea nafasi karibu naye. Kulikuwa na pilau na kuku. Nilichukua sahani yangu nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi za nyuma karibu na mapipa ya taka. Afisa ugani mmoja, mgeni kwenye mkoa, alinifuata na kuniuliza kwa nini nakula hapa kwenye harufu. Nilimwambia hapa panavumilika.